Marie Nyswander

Marie Nyswander (13 Machi 1919 – 20 Aprili 1986) alikuwa daktari wa magonjwa ya akili kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kuanzisha, pamoja na Vincent Dole, matibabu ya uraibu wa heroini kwa kutumia methadoni. Kazi yake iliunganisha nyanja tatu: tiba ya uraibu, afya ya akili na magereza. Msimamo wake ulikuwa kwamba mraibu ni mgonjwa anayestahili daktari.

Maisha ya awali

Alizaliwa Reno, katika jimbo la Nevada. Mama yake, Dorothy Nyswander, alikuwa mtaalamu mashuhuri wa elimu ya afya. Marie alisoma Chuo cha Sarah Lawrence, kisha akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1944.

Lexington

Mwaka 1945 alipangiwa kazi katika hospitali ya serikali huko Lexington, jimbo la Kentucky. Hospitali hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1935, ilipokea wafungwa waliotumia dawa za kulevya pamoja na watu waliojipeleka wenyewe. Hapo aliona wagonjwa wakiishi kama wafungwa. Wengi waliotoka walirudia heroini.

Baadaye alisomea uchanganuzi wa nafsi, akafungua ofisi yake mjini New York. Alihudumia waraibu, wakiwemo wanamuziki wa jazi na wakazi wa mtaa wa East Harlem. Mwaka 1956 alitoa kitabu kuhusu mraibu kama mgonjwa. Hata hivyo, aliona kwamba mazungumzo ya ushauri peke yake hayakutosha: mgonjwa alielewa matatizo yake vizuri, lakini hamu ya heroini ilimrudisha mtaani.

Methadoni

Wakati huo madaktari wa Marekani waliogopa kuwaandikia waraibu dawa za jamii ya afyuni. Sheria ya Harrison ya mwaka 1914 ilitafsiriwa kuwa inakataza jambo hilo, na madaktari kadhaa walikuwa wameshtakiwa.

Dole, mtafiti wa Taasisi ya Rockefeller, alisoma kitabu cha Nyswander akamwomba washirikiane. Mwaka 1964 walianza utafiti wakiwa na daktari kijana, Mary Jeanne Kreek. Kwanza walitumia mofini, lakini wagonjwa walihitaji dozi kubwa zaidi kila mara na walishinda wamekaa tu wakisubiri sindano nyingine. Walipopewa methadoni, walianza kuzungumzia shule na kazi.

Methadoni hunywewa mara moja kwa siku. Hufanya kazi polepole kwa muda mrefu, hivyo huzuia maumivu ya kukosa dawa bila kumlewesha mgonjwa aliyezoea dozi yake. Matokeo ya wagonjwa 22 wa kwanza yalichapishwa mwaka 1965. Mwaka huohuo Nyswander na Dole walioana.

Dawa haikutolewa peke yake. Wagonjwa walisaidiwa kupata masomo, makazi na ajira, na baadhi ya waliopata nafuu waliajiriwa kuwasaidia wenzao wapya.

Magereza

Mwaka 1969 Dole na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafungwa wa New York waliokuwa waraibu. Waliochaguliwa kwa kura walianza methadoni kabla ya kuachiliwa. Wasiopata matibabu walirudia heroini, na karibu wote walihukumiwa tena. Waliotibiwa walifanya vizuri zaidi.

Upinzani

Wapinzani walisema methadoni inabadilisha tu uraibu mmoja kwa mwingine. Nyswander na Dole walijibu kwamba kipimo cha tiba ni maisha ya mgonjwa: kama yu hai, anafanya kazi na anaishi na familia yake. Mwaka 1976 wao wenyewe walilalamika kwamba kanuni za serikali zilikuwa zimefanya kliniki zijali zaidi udhibiti kuliko kumsaidia mgonjwa.

Urithi

Nyswander alifariki New York kwa ugonjwa wa saratani. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliingiza methadoni katika orodha ya dawa muhimu.

Nchini Tanzania, matibabu hayo yalianza Februari 2011 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, kisha yakaenea kwenye vituo vingine. Kenya ilianza mwishoni mwa mwaka 2014. Katika kliniki hizo mgonjwa hunywa dawa yake mbele ya mhudumu, na hupata pia ushauri nasaha. Kwa vijana waliozoea kuiba ili kukwepa arosto, dozi hiyo moja huwapa nafasi ya kukaa mbali na polisi na mahakama.