Pini, Uzi na Katriji: Historia ya Kuunga Mwili

Pwani ya Wabajuni, pamoja na miji ya kisiwa cha Pate kama Kizingitini, Faza na Siyu, ilikuwa pwani ya mitepe. Mbao za mtepe hazikupigiliwa misumari. Fundi alitoboa matundu kwenye kingo zake, akapitisha kamba ya makumbi ya nazi, akaikaza, kisha akaziba kila tundu kwa kijiti. Chombo kilinyumbuka kilipopwelewa, na kamba zikichakaa zilikatwa, mbao zikashonwa upya. Vyombo vya kushonwa vya pwani hii vinatajwa katika Periplus, maandishi ya Kigiriki ya karne ya 1. Kufikia miaka ya 1930, mtepe ulikuwa umetoweka.

Kipi kidumu, na kipi kibadilishwe? Fundi wa mtepe alikuwa na jibu lake. Waunda vifaa vya upasuaji wamelihangaikia swali hilohilo kwa zaidi ya miaka 100, na namna walivyolijibu inamgusa hata mgonjwa wa Kizingitini.

Kuunga mwili bila kuushona kwa uzi ni jambo la kale. Al-Zahrawi, tabibu wa Cordoba aliyefariki mnamo mwaka 1013, aliandika katika Kitab al-Tasrif kuhusu kuunga utumbo kwa chungu wakubwa. Chungu aling'atishwa kingo mbili za jeraha, kiwiliwili kikakatwa, kichwa kikabaki kimeng'ata. Lakini ushahidi unaonigusa zaidi uko karibu nasi. Mwaka 1879 mmisionari Mwingereza, Robert Felkin, alishuhudia huko Kahura, katika ufalme wa Bunyoro, mama akizalishwa kwa upasuaji. Mganga alimlevya kwa pombe ya ndizi, akaosha mikono yake na tumbo la mgonjwa kwa pombe hiyohiyo. Baada ya mtoto kutolewa, kingo za jeraha zilisogezwa pamoja kwa pini 7 nyembamba za chuma, zilizosuguliwa zikang'aa, zikafungwa kwa uzi uliotengenezwa kwa gome la mti. Pini ziliondolewa kwa awamu, za mwisho siku ya sita. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limepona. Felkin alichapisha habari hiyo Edinburgh mwaka 1884, na kila ninapoisoma naona kazi ya watu waliokwisha kufanya hivyo mara nyingi kabla ya mgeni kufika.

Miaka 29 baada ya siku ile ya Kahura, tarehe 9 Mei 1908, mpasuaji Hümér Hültl wa Budapest alitumia mashine ya kupiga pini, yaani stepla, katika upasuaji wa tumbo. Aliyeiunda alikuwa Victor Fischer. Hofu ya Hültl ilikuwa uchafu wa tumboni kuvuja wakati wa kukata, kwa kuwa uvujaji huo uliwaua wagonjwa wengi. Mashine yake ilifunga kwanza pande zote mbili za mahali pa kukatwa, ikipiga mistari minne ya pini za waya, kila pini ikikunjwa kwa umbo la herufi B. Umbo hilo huzuia uvujaji lakini huacha damu kidogo ipite, ili nyama isife. Stepla za leo bado zinalitumia. Tatizo lilikuwa uzito, zaidi ya kilo 3, na muda wa saa mbili hivi wa kuiunganisha na kuipakia pini. Aladár Petz, Mhungari mwenzake, alitengeneza iliyo nyepesi zaidi mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Jambo kubwa, kwa maoni yangu, lilifanyika Ulm, Ujerumani, mwaka 1934. H. Friedrich alitenganisha sehemu inayobeba pini na mwili wa kifaa, hata ikawezekana kuichomoa na kuweka nyingine wakati upasuaji unaendelea. Hapo ndipo katriji ilipozaliwa.

Wazo hilo halikufuatwa mara moja. Taasisi ya vifaa vya upasuaji iliyoanzishwa Moscow mwaka 1951 ilitoa stepla nyingi na nzuri, ila pini zake zilipakiwa moja moja kwa mkono. Mwaka 1958 Mark Ravitch, daktari wa Baltimore, alimwona mpasuaji wa Kiev akifunga mrija wa hewa wa pafu kwa stepla, naye akarudi Marekani na mojawapo. Ni kifaa hicho kilichomvutia mfanyabiashara Leon Hirsch. Kampuni aliyoianzisha mwaka 1964 ilianza kuuza, mwaka 1967, stepla za chuma zenye katriji zilizokwisha kupakiwa kiwandani. Mpini ulitakaswa ukatumika tena, katriji ikatupwa.

Upasuaji wa matundu madogo ulibadilisha mahitaji. Daktari Kurt Semm alitoa kidole tumbo kwa njia hiyo huko Kiel, Ujerumani, mwaka 1980, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 stepla ilikuwa imerefushwa na kukondeshwa ipite kwenye mrija wa milimita 12. Ndani ya ncha yake kuna mistari sita ya pini na kisu kinachopita katikati. Katriji nyeupe kwa kawaida ni ya mishipa na nyama nyembamba, ya buluu ni ya nyama ya wastani, ya kijani ni ya nyama nene. Wabunifu waligawanyika. Wengine hubadilisha katriji tu na kuacha taya ya chuma, wengine hubadilisha ncha nzima pamoja na taya na kisu, ili kila ukataji upate kisu kikali. Stepla za aina zote mbili zinahitaji kufuli inayozuia kufyatua katriji iliyokwisha tumika, maana kisu kikikata bila pini mgonjwa huvuja damu. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilipokea zaidi ya ripoti 41,000 za matatizo ya stepla kati ya mwaka 2011 na Machi 2018, zikiwamo 366 za vifo. Mwaka 2021 ikaongeza masharti kwa stepla za ndani ya mwili.

Mgonjwa wa Kizingitini anayehitaji hospitali ya kaunti, King Fahd, huenda Lamu kwa mashua kupitia mkondo wa Mkanda, ambao kina chake hutegemea maji kujaa. Shehena ya hospitali za visiwani nayo lazima ivuke bahari. Mpini wa stepla usio na katriji ya rangi inayotakiwa haufai kitu, na kwa kawaida katriji ya kiwanda kimoja haiingii kwenye mpini wa kingine.

Kushona kwa mkono si unyonge. Katika kuunga utumbo mpana na puru, tafiti zilizolinganisha mkono na stepla hazikuona kuwa njia moja inaishinda nyingine. Ila kwenye matundu madogo kushona ni kazi ngumu, na watu wa Kizingitini, wazamiaji wa kambakoche na wavuta nyavu, ndio hasa wanaofaidika na jeraha dogo: mshono mrefu wa tumbo humweka mtu nje ya bahari kwa wiki nyingi.

Uganda imeonyesha kuwa kifaa cha bei nafuu kinaweza kupimwa kwa ukali wa kisayansi sawa na cha ghali. Katika jaribio la wanaume 302 wenye ngiri, mashariki mwa nchi hiyo, lililochapishwa mwaka 2016, wavu wa aina ya chandarua, wa takriban dola 1, haukutofautiana kwa matokeo na wavu wa kibiashara wa zaidi ya dola 100. Stepla nayo inastahili kubuniwa kwa masharti kama hayo: mpini unaofunguka wote, ukaoshwa na kuingia katika mashine ya mvuke ambayo hospitali tayari inayo, katriji yenye kufuli isiyotegemea betri, na kipimo kimoja cha tundu la katriji kwa viwanda vyote, ili itakayofika Lamu, yoyote iwayo, iingie.