Viota vya Tai na Vipanga: Elimu Iliyoketi Chini ya Mti

Kiswahili hakikuwanyima ndege walao nyama majina yao. Mwewe ndiye mwenye mkia wa panda, azungukaye juu ya miji na masoko akivizia vifaranga na mizoga. Kipanga ni mwindaji wa msituni, mwenye mabawa mafupi na mkia mrefu. Kozi ana mabawa yaliyochongoka, naye ndiye ambaye methali ya wazee humsema kuwa akilala na njaa amependa mwenyewe. Pungu ni tai mwenye mkia mfupi mno, arukaye huku akiyumba. Lakini katika mazungumzo ya siku hizi wote hao wamekuwa mwewe. Washairi nao wamechangia, kwani mwewe ni neno la mizani mbili tu, na huingia popote.

Upotevu huu si wa maneno peke yake. Amwitaye kila ndege mwewe humhesabia kila mmoja wizi wa vifaranga, na aonapo kiota kikubwa mtini huenda kuchukua shoka. Pungu, ambaye hana haja na vifaranga vyetu, tangu mwaka 2020 amewekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Kukitambua kiota ni elimu yenye taratibu zake. Mjuzi hatazami juu kwanza, hutazama chini: madoa meupe ya kinyesi juu ya majani, unyoya ulioanguka, mifupa. Chini ya mti wa tai mkubwa wa msituni, yule mwenye kishungi, huonekana mafuvu ya kima, perere na paa. Hapo ndipo macho hupandishwa kwenye panda ya mti mrefu, palipo na rundo la vijiti ambalo jozi ile ile huliongezea mwaka hata mwaka, mpaka upana wake ukashinda kimo cha mtu. Majani mabichi yakionekana juu ya vijiti, wenyewe wapo.

Kipanga ni mgumu zaidi. Kiota chake ni kidogo, na hufichwa ndani ya majani. Yeye hujitangaza kwa sauti: asubuhi huruka juu sana ya msitu, akizunguka na kutoa mlio mfupi, mkali, kila baada ya sekunde chache. Jike ni mkubwa kuliko dume kiasi kwamba mgeni hudhani ameona ndege wa aina mbili.

Historia iliyoandikwa ya elimu hii nchini mwetu haiwezi kuiruka Amani, katika Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902. Mwaka 1928 alifika hapo Mwingereza, Reginald Moreau, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi ya ukaguzi wa hesabu nchini Misri. Alikaa hadi mwaka 1946. Kazi za ofisi zilimshika, na kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya kuketi karibu na viota vya ndege mbalimbali, kuhesabu mara ngapi mzazi ameleta chakula, ilifanywa na wasaidizi Waafrika aliowafundisha. Mwaka 1945 jarida la Ibis lilichapisha makala yake ndefu juu ya pungu kiotani. Ndege wadogo wa milima yetu walipewa jina lake, na mmoja wa Uluguru, mwaka 1938, alipewa jina la mkewe, Winifred. Hatumnyimi sifa yake. Twasema tu kwamba hesabu zile ni historia pia ya macho yaliyokesha yakitazama.

Kwa jirani zetu wa Kenya, Leslie Brown, bwana shamba wa serikali, alianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kuchunguza kilima kimoja huko Embu ambako tai wa aina kadhaa walijenga karibu karibu. Kitabu chake, Eagles, kilitoka mwaka 1955. Karibu na Nairobi aliifuatilia kwa miaka mingi jozi ya tai wa kishungi. Ndege huyu huatamia kwa siku 50 hivi. Kinda hukaa kiotani kwa siku 110 hivi. Na baada ya kuruka, wazazi huendelea kumlisha kwa miezi 9 hadi 11. Ndiyo maana jozi aghalabu huzaa mara moja katika miaka miwili.

Mkata mbao akutaye kiota kimya, bila yai wala kinda, aweza kudhani kimeachwa. Kinda yumo katika miti ya jirani, amekwisha kufikia ukubwa wa wazazi wake, akilia kwa njaa. Na mahali pa kupokelea chakula ni kiota kile kile, au matawi yaliyo karibu nacho.