Kumi na Moja kwa Kumi na Moja: Uchaguzi wa Unguja na Pemba wa 1961

Ndugu zangu wa Louisville, Columbus na Buffalo,

Napenda kuanza na jambo ambalo wengi wetu tulilishuhudia kwa macho. Katika mkutano wa familia uliofanyika hapa Columbus, ililetwa posa. Kijana alikuwa wa Louisville, binti wa Buffalo. Barua ilikuja kwa adabu zote, wazazi wa pande zote mbili walikuwa wameridhia, na halua imeshakatwa. Mara mzee wetu mmoja akauliza: "Babu yake huyu kijana alikuwa Hizbu au Afro?" Watu wakanyamaza. Vijana wakatazamana, kwani hata maana ya swali hawakuijua. Jibu la posa lilichukua miezi minne kutoka.

Waandalizi wa kitabu hiki wameniomba nieleze swali lile lilitoka wapi. Mimi nilizaliwa Chake Chake mwaka 1959. Wakati wa mambo nitakayoyaeleza nilikuwa mtoto wa kubebwa kwa mbeleko, kwa hiyo sijidai kuwa shahidi. Niliyoyajua niliyasikia kwa wazee, nyumbani na barazani mwa chuo tulichosomea Kurani, na baadaye niliyasoma vitabuni nilipokuwa mwalimu wa historia. Nitajitahidi nisimwonee mtu.

Yafaa vijana wafahamu kwanza vyama vyenyewe. Hizbu ni jina tulilokiita chama cha Zanzibar Nationalist Party, kilichoanzishwa 1955, na kiongozi wake aliyesikika zaidi alikuwa Sheikh Ali Muhsin Barwani. Afro ni Afro-Shirazi Party, iliyoundwa 1957 chini ya Mzee Abeid Amani Karume. Uchaguzi wa mwanzo kabisa, wa viti sita tu, ulifanyika Julai 1957, na Hizbu hakikupata hata kimoja. Mwishoni mwa 1959 baadhi ya viongozi wa Afro, akiwamo Sheikh Mohammed Shamte na Ali Sharif wa Pemba, walijitenga wakaanzisha chama cha tatu, Zanzibar and Pemba People's Party. Hicho ndicho kilichokuja kushika ufunguo wa mlango.

Miaka ile wazee wetu waliiita zama za siasa. Kuanzia 1958 siasa iliingia mpaka jikoni. Watu waligomeana maduka: huyu hanunui kwa yule kwa kuwa si wa chama chake. Wakulima waliokuwa wakilima katika mashamba ya wenyewe kwa ruhusa ya siku nyingi walifukuzwa kwa ajili ya chama walichokifuata. Watu waliacha kupanda gari la abiria la mtu wa upande mwingine, na kubwa kuliko yote, walisusiana mazishi. Kwa watu wa visiwani, ambao hata adui akifa humbeba jeneza, hilo lilikuwa jambo jipya.

Katika hali hiyo ndipo ulipofika uchaguzi wa tarehe 17 Januari 1961. Viti vya kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria vilikuwa 22, na wanawake nao waliingia katika kupiga kura kwa mara ya kwanza. Karibu kila aliyeandikishwa alikwenda. Kura zilipohesabiwa, Afro walipata viti 10, Hizbu viti 9, na chama cha Shamte viti 3. Hapakuwa na chama chochote kilichoweza kuunda serikali peke yake.

Kiti kimoja kati ya vile kumi vya Afro kilikuwa cha kwetu Chake Chake, na kilipatikana kwa kura moja. Nasema tena, kura moja, katika jimbo lililopigiwa kura na maelfu ya watu. Kiti kile kingekwenda kwa Hizbu, wao wangekuwa 10 na Afro 9, na yaliyofuata huenda yangekwenda njia nyingine kabisa.

Sasa fikirini kura moja hufanya nini katika mji mdogo. Kila nyumba ya Chake Chake ilikuwa na mtu ambaye siku ile hakwenda. Kwetu alikuwa mama yangu mdogo. Alikuwa mzazi, siku arubaini zake hazijesha, na ana homa. Ndugu zake wawili wa kiume, wajomba zangu, walikuwa kila mmoja na chama chake. Mmoja alimwambia: "Ungaliinuka tungalikuwa sawa kwa sawa, hesabu ikarudiwa." Wa pili akamwambia: "Ungaliinuka tungaliwashinda kwa mbili, wasipate la kusema." Kila mmoja aliihesabu kura ya dada yake kuwa yake, na hapana aliyemwuliza mwenyewe. Kisha wenyewe kwa wenyewe wakaacha kusalimiana. Mjomba yupi alikuwa wapi, mimi najua, na sitaandika.

Turudi barazani. Wale wajumbe watatu wa chama cha Shamte walitakiwa na pande zote mbili. Wangekwenda wote pamoja upande wowote, serikali ingepatikana. Badala yake waligawanyika. Sheikh Shamte na mwenzake mmoja waliungana na Hizbu. Ali Sharif akarudi kwa Afro. Hesabu ikawa 11 kwa 11. Balozi wa Kiingereza wa wakati ule, Sir George Mooring, hakuwa na mtu wa kumkabidhi serikali. Ikaundwa serikali ya muda yenye mawaziri wa pande zote mbili, na ikakubaliwa uchaguzi urudiwe mwezi wa Juni. Na ili wasikwame tena, kikaongezwa kiti kimoja, vikawa 23, maana 23 haigawanyiki kwa mbili.

Hapa naomba ruhusa ya kusema maoni yangu kama mwalimu. Kura za Januari hazikuwa na kosa. Watu wa visiwa viwili waliulizwa wanataka nani, wakajibu kwa ukweli: tumegawika nusu kwa nusu. Jibu lile lilihitaji watu wakae pamoja. Na serikali ya muda, yenye mawaziri wa pande zote, ilikuwa tayari mfano wa kukaa pamoja. Lakini ilichukuliwa kuwa ni chumba cha kungojea tu. Waliokuwa na madaraka, Waingereza na wakubwa wetu sawasawa, walilichukua lile jambo kama kosa la hesabu, wakalitengeneza kwa hesabu. Kiti cha 23 kiliweza kuhakikisha mmoja atashinda. Hakikuweza kuhakikisha yule mwingine atakubali.

Mwezi wa Juni Hizbu na chama cha Shamte waliingia kwa mapatano, wakiachiana majimbo ili wasigombane wao kwa wao. Matokeo yakawa Afro 10, Hizbu 10, na chama cha Shamte 3. Safari hii watatu hawakugawanyika. Sheikh Shamte akawa Waziri Kiongozi kwa wajumbe 13 dhidi ya 10, na hali Afro walikuwa wamepata karibu nusu ya kura zote zilizopigwa.

Lakini kabla hata kura hazijahesabiwa, damu ilishamwagika. Fujo zilianza asubuhi ya tarehe 1 Juni mjini Unguja, penye vituo vya kupigia kura, kwa tuhuma kwamba watu wanapiga kura mara mbili. Siku zilizofuata zikaenea mashamba. Waliokufa walikuwa 68, na waliojeruhiwa zaidi ya 300. Wengi wa waliouawa walikuwa Waarabu, na kati yao wengi ni Wamanga masikini wenye viduka vidogo mashambani, watu waliouza mafuta ya taa na sukari kwa kibaba. Askari waliletwa kutoka Kenya, ikatangazwa hali ya hatari, na ikaletwa tume ya uchunguzi chini ya Sir Stafford Foster-Sutton. Wengine katika ukoo wetu wana kaburi la Juni 1961. Yule mzee aliyeuliza swali siku ya posa ni mmoja wao, na ni haki kulisema hilo kabla hatujamlaumu.

Yaliyobaki nayapitia kwa haraka, kwa kuwa yanajulikana. Julai 1963 ulifanyika uchaguzi mwingine, wa viti 31. Afro walipata kiasi cha asilimia 54 ya kura, lakini viti 13; Hizbu 12 na chama cha Shamte 6 wakaunda serikali tena. Uhuru ukaja tarehe 10 Disemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 yakatokea mapinduzi. Safari hii waliokufa na waliokimbia walikuwa wengi mno, na baadhi yetu tuko ughaibuni hii leo kwa sababu ya asubuhi ile. Wengine tuko kwa sababu ya kukosa kazi, na wengine kwa yaliyotokea Pemba Januari 2001. Kila mmoja ana mlango wake aliotokea, na hapana haja ya mwenye mlango huu kumcheka wa mlango ule.

Vijana huniambia: "Mwalimu, hayo ni mambo ya kwenu Afrika." Kwa hiyo nimetafuta ya hapa tulipo. Nyinyi wa Louisville, jimbo lenu la Kentucky lilikuwa na uchaguzi wa gavana mwaka 1899 ulioamuliwa kwa tofauti ya kura zisizofika elfu tatu. Ugomvi ukaingia katika baraza la jimbo, watu wenye bunduki wakajaa Frankfort, na William Goebel akapigwa risasi tarehe 30 Januari 1900. Aliapishwa akiwa kitandani, akafa baada ya siku chache.

Sisi wa Columbus, gavana wetu Rutherford Hayes alipewa urais katika uchaguzi wa 1876 kwa kura 185 dhidi ya 184, baada ya tume ya watu 15 kugawanyika 8 kwa 7. Wakubwa walipatana, na mwaka 1877 askari wa serikali wakaondolewa Kusini. Walioilipa suluhu ile ni watu weusi wa Kusini, ambao hawakuwamo chumbani ilipofanywa.

Na nyinyi wa Buffalo, jimbo lenu la New York lilipatwa na yetu hasa. Juni 2009 wajumbe wawili wa baraza la juu huko Albany waliungana na upande wa pili. Mmoja wao akarudi kwa wenziwe, hesabu ikawa 31 kwa 31, na naibu gavana ambaye ndiye angetoa kura ya kuamua hakuwapo, kwani yeye alishapanda kuwa gavana. Baraza likakwama mwezi mzima, mpaka yule wa pili naye akarudi. Watu walichoka, wakacheka, wakakasirika. Hakufa mtu.

Kwa nini pale hakufa mtu? Si kwa kuwa wao ni wema kuliko sisi, maana Kentucky pia ni Marekani. Nionavyo mimi, ni kwa sababu mwaka 2009 aliyeshindwa Albany alijua kwamba mwaka unaofuata kuna uchaguzi mwingine, na kwamba baina ya sasa na hapo duka lake halitasusiwa wala shamba lake halitachukuliwa. Unguja ya 1961 aliyeshindwa hakuwa na uhakika huo. Mkoloni alikuwa anajitayarisha kuondoka, na kila upande uliamini kwamba atakayekuwa juu siku ile atabaki juu milele. Mtu anayeamini hivyo, kura moja kwake ni roho.

Kwetu ilichukua muda mrefu kulijifunza hilo. Vyama vingi viliporudi, uchaguzi wa Oktoba 1995 ulitoa asilimia 50.2 kwa 49.8 katika urais wa Zanzibar, na viti 26 kwa 24. Nusu kwa nusu, vile vile, baada ya miaka 34. Tarehe 31 Julai 2010 tu ndipo wananchi walipoulizwa katika kura ya maoni kama washindani waingie katika serikali moja, na thuluthi mbili wakasema ndiyo. Ugomvi haukuisha hapo, kwani uchaguzi wa 2015 ulifutwa na yakaja mengine. Lakini jibu lilikuwa limeshatoka vinywani mwa watu wenyewe, na ni lile lile la Januari 1961.

Namalizia na mama yangu mdogo. Wajomba zangu walikuja kusalimiana mwaka alipofariki bibi yangu, mama yao, kwa sababu jeneza lilihitaji mabega ya wote wawili. Hawakuombana radhi, mmoja alimpokea mwenziwe mti wa jeneza, basi ikawa imekwisha. Mama mdogo aliishi zaidi kuliko wote. Nilipokwenda kumtazama mara ya mwisho nilimwuliza, angelikwenda siku ile, angelimpigia nani? Alinijibu: "Kura ni siri, mwanangu. Na wale wote wawili ni ndugu zangu."

Posa ile ilikubaliwa, na harusi imekwisha fungwa. Mzee aliyeuliza swali ndiye aliyekaa mbele siku ya nikaha. Sasa ninaomba jambo moja. Wazee tuliosalia, wa Hizbu, wa Afro na wa Shamte, kila mmoja aandike au asimulie aandikiwe yale aliyoyaona au kusimuliwa, na yote yatiwe katika kitabu hiki mwakani, yakae ukurasa kwa ukurasa bila kujibizana. Watoto wetu wakiulizwa tena babu yao alikuwa nani, wawe na la kusema, wala wasitazamane.