UZI: Hii 45% ya unene inatoka wapi?

Kila msimu wa bajeti, mjadala ni ule ule. Mmoja anasema Wakenya wanalala njaa, mwenzake anajibu ati njaa gani, si 45% ya wanawake wana uzito uliozidi? Wanarushiana namba mpaka kipindi kiishe. Mimi nikaamua kurudi kwa ripoti zenyewe za KDHS.

Mwanzoni hakuna aliyekuwa akitafuta wanene. 1993 mizani ilipelekwa majumbani kupima watoto wadogo na mama zao, na swali lilikuwa njaa: nani amekonda, nani amedumaa. Kitambi kilikuwa bado ni sifa ya mtu mwenye pesa.

2003 walipima wanawake wa miaka 15 hadi 49. 23% walikuwa na BMI ya 25 kwenda juu, yaani wenye uzito uliozidi na wanene kupindukia, wote pamoja. (Wanaume hata hawakupanda mizani mwaka huo.) 2008-09 ikawa 25%. 2014, 33%.

Sasa tuje 2022. Hiyo 45% ni ya kweli, lakini ni ya wanawake wa miaka 20 hadi 49. Wasichana wa 15 hadi 19 waliwekwa kando, wakapewa kigezo cha umri wao. Hao kwa kawaida ndio wembamba zaidi, kwa hivyo ukiwatoa, asilimia inapanda hata kabla mtu hajaongeza kilo moja. Sikatai, unene umeongezeka. Lakini anayekwambia tumeruka kutoka 33 hadi 45 analinganisha makundi mawili tofauti. Na mbona hamtaji wanaume? Wao ni 19%.

Watoto wa chini ya miaka mitano: wenye uzito uliozidi ni 3%, waliodumaa 18%. Ripoti ni ile ile ya 2022. Wa njaa na wa unene wote wameishika mkononi, kila mtu amefungua ukurasa wake.

Kinachoniuma mimi ni hiki. Mtoto akitimiza miaka mitano anashuka kwenye mizani ya KDHS, na hairudii tena mpaka afike 15. Miaka yote ya kununua chipsi na soda nje ya geti la shule, hapimwi.

Binti yangu ana miaka tisa. Kwa hizo namba zote mnazopigania kwa runinga, hayumo.