Chuo Kikuu cha Toronto: Kutoka mikononi mwa kanisa hadi chuo cha umma chenye kampasi tatu

CHUO Kikuu cha Toronto, kilichopo katika jimbo la Ontario nchini Kanada, ni miongoni mwa vyuo vikongwe na vikubwa zaidi vya umma katika nchi hiyo. Kilianzishwa mwaka 1827, miaka 40 kabla ya kuundwa kwa Shirikisho la Kanada, na leo kina wanafunzi zaidi ya 90,000 katika kampasi tatu.

Historia ya chuo hicho si ya majengo na shahada pekee. Ni historia ya mvutano wa muda mrefu juu ya swali moja: chuo kinachoendeshwa kwa ardhi na fedha za umma ni mali ya nani? Swali hilo lilizusha mabishano bungeni na makanisani na hata migomo ya wanafunzi, na majibu yake ndiyo yaliyokipa chuo sura kiliyonayo sasa.

Hati ya kifalme na ardhi ya umma

Tarehe 15 Machi, 1827, Mfalme George wa Nne wa Uingereza alitoa hati ya kifalme ya kuanzisha King's College katika koloni la Upper Canada. Wakati huo Toronto ulikuwa mji mdogo ulioitwa York; ulibadilishwa jina mwaka 1834.

Aliyeihangaikia hati hiyo ni John Strachan, kasisi wa Kanisa la Anglikana mzaliwa wa Uskoti, ambaye baadaye, mwaka 1839, alikuwa askofu wa kwanza wa Toronto. Strachan aliamini kwamba koloni lingebaki tiifu kwa Uingereza iwapo vijana wake wangesomeshwa nyumbani chini ya malezi ya kanisa, badala ya kwenda Marekani ambako wangejifunza siasa za jamhuri.

Chuo kilipewa ardhi ya serikali yenye ukubwa wa zaidi ya ekari 225,000 ili mapato yake yakiendeshe. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Kwa mujibu wa hati, mkuu wa chuo alipaswa kuwa kasisi wa Anglikana, na wajumbe wa baraza lake walitakiwa kukubali maungamo ya imani ya kanisa hilo. Wamethodisti, Wapresbiteri na Wakatoliki, ambao kwa pamoja walikuwa wengi kuliko Waanglikana, walihoji kwa nini ardhi ya wote inufaishe dhehebu moja.

Kutokana na mabishano hayo, masomo hayakuanza hadi mwaka 1843, miaka 16 baada ya hati kutolewa. Madhehebu mengine hayakusubiri. Wamethodisti walifungua shule yao katika mji wa Cobourg mwaka 1836, ambayo mwaka 1841 ikawa Victoria College. Mwaka huohuo wa 1841 Wapresbiteri walipata hati ya Queen's College katika mji wa Kingston.

Sheria ya 1849

Mwaka 1849 Bunge la koloni, chini ya uongozi wa mwanamageuzi Robert Baldwin, lilipitisha sheria iliyokitoa chuo mikononi mwa kanisa. Kuanzia tarehe 1 Januari, 1850, King's College ikawa Chuo Kikuu cha Toronto, taasisi ya umma isiyofungamana na dini yoyote. Ufundishaji wa theolojia ulifutwa, na sharti la imani likaondolewa.

Strachan, aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 70, alikiona chuo hicho kipya kuwa ni chuo kisicho na Mungu. Alisafiri hadi Uingereza kukusanya michango, na mwaka 1851 akaanzisha Trinity College, chuo kingine cha Anglikana katika mji uleule. Kwa hiyo mtu mmoja alikuwa mwanzilishi wa vyuo viwili vilivyopingana kwa zaidi ya nusu karne.

Ni katika Trinity alikosoma Alexander Augusta, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Norfolk, Virginia, na kunyimwa nafasi ya kusomea udaktari nchini mwake. Alihitimu Toronto, na mwaka 1863 akawa daktari wa kwanza mweusi kupewa cheo cha ofisa katika Jeshi la Marekani.

Kwa upande wa chuo cha umma, sheria ya mwaka 1853 iliiga mfumo wa Chuo Kikuu cha London. Kazi ya kutahini na kutunuku shahada ilibaki kwa chuo kikuu, na kazi ya kufundisha ikakabidhiwa kwa chombo kipya, University College. Jengo lake la mawe, lililojengwa kati ya mwaka 1856 na 1859, lingali alama kuu ya chuo hadi leo.

Jengo hilo liliungua usiku wa tarehe 14 Februari, 1890. Taa za mafuta ya taa zilizokuwa zikipelekwa ukumbini kwa ajili ya hafla ya mwaka zilidondoka, na moto ukasambaa haraka. Takriban maktaba yote, yenye vitabu zaidi ya 30,000, iliteketea. Michango ya vitabu na fedha ilitoka pande nyingi, na jengo likarejeshwa katika muda wa miaka miwili.

Shirikisho la vyuo

Kufikia miaka ya 1880 vyuo vya makanisa vilikuwa na tatizo moja: fedha. Sayansi ilidai maabara na vifaa ambavyo michango ya waumini isingeweza kuvigharimia. Serikali ya Ontario nayo haikuwa tayari kugawa ruzuku kwa kila dhehebu.

Suluhisho lilikuwa Sheria ya Shirikisho ya mwaka 1887. Kila chuo cha kanisa kingebaki na jina lake, mali yake na haki ya kufundisha theolojia, lakini kingesimamisha utoaji wa shahada nyingine. Vyuo vishiriki vingefundisha masomo kama Kiingereza, Kigiriki, Kilatini na maadili, wakati sayansi na masomo mengine yangefundishwa na chuo kikuu kwa wanafunzi wote.

Victoria College ilihamia Toronto kutoka Cobourg mwaka 1892. Trinity ilijiunga mwaka 1904. Chuo cha Kikatoliki cha St. Michael's, kilichoanzishwa mwaka 1852, kikawa chuo kishiriki kamili mwaka 1910. Mgawanyo huo wa masomo uliendelea hadi mwaka 1974, walimu wa vyuo vishiriki walipounganishwa katika idara za chuo kikuu.

Huu ndio upekee wa Toronto. Dini haikufukuzwa chuoni, wala haikuachiwa usukani. Ilipewa nafasi yake ndani ya nyumba ambayo mwenyewe ni umma.

Wanawake na wanafunzi wadai nafasi

Wanawake waliruhusiwa kuhudhuria mihadhara ya University College mwaka 1884, licha ya upinzani wa mkuu wake, Daniel Wilson, aliyetaka wasomeshwe katika chuo cha peke yao. Hata baada ya hapo baadhi ya milango ilibaki imefungwa. Hart House, jumba la michezo, sanaa na mijadala lililotolewa na familia ya Massey na kufunguliwa mwaka 1919, lilikuwa la wanaume tu. Wanawake hawakupata uanachama kamili hadi mwaka 1972.

Mwezi Februari mwaka 1895 wanafunzi waligomea mihadhara baada ya profesa wa Kilatini, William Dale, kufukuzwa kazi kwa kukosoa hadharani uteuzi wa walimu. Miongoni mwa viongozi wa mgomo huo alikuwa William Lyon Mackenzie King, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Kanada kwa zaidi ya miaka 21, muda mrefu kuliko mwingine yeyote.

Siasa ziliingia katika ajira kwa sababu wakati huo serikali ndiyo iliyoteua maprofesa. Tume iliyoongozwa na mfanyabiashara Joseph Flavelle ilipendekeza utaratibu huo ukome, na sheria ya mwaka 1906 ikaunda Bodi ya Magavana kusimamia fedha na ajira, huku Seneti ikibaki na taaluma. Sheria nyingine ya mwaka 1971 iliunganisha vyombo hivyo viwili kuwa Baraza la Uongozi lenye wajumbe 50, wakiwamo wanafunzi wanane na wahadhiri 12.

Insulini kwa dola moja

Tukio lililokipa chuo hicho jina duniani lilitokea katika miaka ya 1921 na 1922. Frederick Banting, daktari kijana wa upasuaji, na Charles Best, msaidizi wake, walifanya majaribio ya kutoa kiini cha kongosho katika maabara ya Profesa John Macleod. Mkemia James Collip alijiunga nao na kufanikiwa kukisafisha kiini hicho ili kifae kwa binadamu.

Tarehe 11 Januari, 1922, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa sindano ya kwanza katika Hospitali Kuu ya Toronto. Haikumsaidia sana, lakini dawa iliyosafishwa na Collip, aliyoanza kupewa tarehe 23 mwezi huo, ilimrudishia nguvu. Kabla ya hapo, mtoto aliyepata kisukari cha aina hiyo alikuwa akisubiri kifo.

Haki za ugunduzi huo ziliuzwa kwa chuo kwa dola moja kwa kila mgunduzi, ili dawa isihodhiwe na kampuni moja. Mwaka 1923 Banting na Macleod walipewa Tuzo ya Nobel. Banting aligawana fedha zake na Best, na Macleod akagawana na Collip.

Ugunduzi mwingine ulifuata. Mwaka 1961 James Till na Ernest McCulloch walichapisha utafiti ulioweka msingi wa elimu ya seli shina. John Polanyi alipata Nobel ya Kemia mwaka 1986, na Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa teknolojia ya akili bandia ya sasa, akapata Nobel ya Fizikia mwaka 2024 pamoja na John Hopfield wa Marekani.

Kampasi tatu

Kampasi mama, St. George, ipo katikati ya jiji, ikilizunguka eneo la Queen's Park lilipo Bunge la Ontario. Humo ndimo vilimo vyuo vishiriki, hospitali za kufundishia zikiwa jirani, na Maktaba ya Robarts iliyofunguliwa mwaka 1973. Kabla ya kufunguliwa, wanafunzi wa shahada ya kwanza waligundua kwamba hawangeruhusiwa kuingia kwenye rafu za vitabu. Waliandamana mwaka 1972 hadi uamuzi huo ukabadilishwa.

Kampasi mbili nyingine zilizaliwa miaka ya 1960, kizazi kilichozaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili kilipofikia umri wa chuo. Scarborough, mashariki mwa jiji, ilifungua jengo lake la zege mwaka 1966. Jengo hilo, lililobuniwa na msanifu John Andrews wa Australia, lilikuwa na studio za kurushia mihadhara kwa televisheni ili mwalimu mmoja afundishe mamia. Mpango huo haukudumu, kwani wanafunzi walitaka mwalimu wanayeweza kumuuliza maswali.

Erindale College, magharibi mwa jiji kando ya Mto Credit, ilianza kupokea wanafunzi mwaka 1967. Leo inajulikana kama Chuo Kikuu cha Toronto Mississauga na ina eneo la ekari 225. Mojawapo ya majengo yake mapya limepewa jina la lugha ya Kianishinaabe, Maanjiwe nendamowinan, maana yake mkusanyiko wa fikra.

Jina hilo linakumbusha deni la zamani zaidi. Ardhi ya Toronto ilikuwa ya Wawendat, Waseneca na Wamississauga kabla ya hati yoyote ya mfalme. Ununuzi wake wa mwaka 1787 ulikuwa na kasoro kiasi kwamba mwaka 2010 Serikali ya Kanada ilikubali kuwalipa Wamississauga wa Credit dola za Kanada milioni 145.

Uhusiano na Afrika Mashariki

Jina la Toronto si geni Tanzania. Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa Oktoba 1961, alikuwa Cranford Pratt, raia wa Kanada, aliyekiongoza hadi mwaka 1965 kisha akawa profesa wa sayansi ya siasa mjini Toronto. Dar es Salaam nayo ilianza kwa kutoa shahada za Chuo Kikuu cha London, chuo kilekile ambacho Toronto ilikiiga mwaka 1853. Oktoba 1969 Rais Julius Nyerere alitoa hotuba Toronto kuhusu uthabiti na mabadiliko barani Afrika.

Nchini Kenya, madaktari wa chuo hicho wameshirikiana kwa miaka mingi na Chuo Kikuu cha Moi mjini Eldoret katika afya ya uzazi.

Mjadala haujaisha

Swali la mwaka 1827 limerudi kwa sura nyingine. Mwaka 2019 Serikali ya Ontario ilipunguza ada za wanafunzi wa ndani kwa asilimia 10 na kuzuia zisipande, bila kuongeza ruzuku kufidia pengo. Vyuo vya jimbo hilo vikazidi kutegemea wanafunzi wa kigeni, ambao ada yao ni mara kadhaa ya ile ya Wakanada. Mwaka 2024 Serikali ya Shirikisho iliweka kikomo cha vibali vya masomo, na chanzo hicho nacho kikaanza kukauka.

Zamani mlango wa chuo ulilindwa kwa sharti la imani. Sharti hilo lilifutwa kwa sheria, kwa hoja kwamba ardhi ya umma haiwezi kuwa ya wachache. Kwa mwanafunzi anayetoka Mwanza au Kisumu, na kwa wengi wanaotoka Ontario kwenyewe, sharti lililobaki ni la fedha, na hilo bado halijapata Baldwin wake.