Makanisa Mawili, Ukoo Mmoja

Fungueni madaftari yenu. Leo tutajifunza kwa nini hapa Bukoba na Muleba watu wa ukoo mmoja husali katika makanisa mbalimbali.

Mapadre wa Kanisa Katoliki, walioitwa White Fathers, walianzisha misioni ya Kashozi mwaka 1892. Waprotestanti walikuja kwa njia nyingine. Wahaya waliokwenda Uganda walijifunza huko kusoma, wakarudi na Biblia ya Kiganda, wakafundishana nyumbani. Mwaka 1910 wamisionari wa Bethel walifika kutoka Ujerumani. Kazi yao ikakua, ikawa Kanisa la Kilutheri.

Siku zile Wakristo waliitwa “wasomaji”. Kwa hiyo mara nyingi mtu aliingia kanisa la yule aliyemfundisha kusoma. Watoto wake wakafuata.

Je, mafundisho yanatofautianaje? Wakatoliki humtii Papa wa Roma, wana sakramenti saba, na humwomba Bikira Maria awaombee kwa Mungu. Walutheri hufuata mafundisho ya Martin Luther, aliyepinga uuzaji wa hati za msamaha mwaka 1517. Wao wana sakramenti mbili, Ubatizo na Chakula cha Bwana, na wachungaji wao huoa.

Ugomvi mkubwa ulikuwa huu: mtu huokolewaje? Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, wajumbe wa pande zote mbili walitia sahihi kwamba mtu huokolewa kwa neema ya Mungu, kwa imani katika Kristo, wala si kwa matendo yake. Tofauti nyingine zimebaki.

Tena, nchi hii moja ilimzaa Laurean Rugambwa, aliyekuwa Kardinali mwaka 1960, na Josiah Kibira, aliyechaguliwa rais wa Walutheri wa dunia mwaka 1977.

Basi wewe unayetaka kuchagua kanisa, au kijana wako anayeoa nyumba ya kanisa jingine, msiende kwa hasira wala kwa kutafuta zawadi. Mwulizeni padre, mwulizeni na mchungaji. Sasa mnajua kusoma, someni wenyewe. Kisha kila mtu afuate dhamiri yake, asimkatae ndugu yake.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Misioni ya Kashozi ilianza mwaka gani?
2. Kwa nini Wakristo wa kwanza waliitwa wasomaji?
3. Kanisa lako linafundisha nini, nawe umelijuaje?