Urithi Uliogawanywa Leipzig

Mwaka 1485, mjini Leipzig, Ujerumani, ndugu wawili waligawana nchi. Walikuwa Ernst na Albrecht wa ukoo wa Wettin, watawala wa Meissen tangu 1089, baadaye Thuringia, na tangu 1423 Saksonia. Ernst, aliyekuwa mkubwa, alipanga mafungu, Albrecht akachagua. Wittenberg ikabaki kwa Ernst. Leipzig na chuo kikuu chake ikaenda kwa Albrecht.

Mgawanyo huo ukazaa jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Friedrich, mwana wa Ernst, alikuwa hana tena chuo kikuu katika nchi yake. Mwaka 1502 akaanzisha kimoja Wittenberg, na huko ndiko alikokuja kufundisha mtawa Martin Luther. Luther alipopigwa marufuku na Kaisari mwaka 1521, Friedrich alimficha katika ngome ya Wartburg, naye akatafsiri Agano Jipya. Upande wa pili Georg, mwana wa Albrecht, akakataza Agano Jipya hilo nchini mwake. Mpaka wa urithi ukawa mpaka wa Injili.

Georg alifariki mwaka 1539. Nduguye Heinrich akaufungua mlango, na Pentekoste ile ile Luther akahubiri Leipzig. Sasa pande zote mbili zilikuwa za Kilutheri. Je, ugomvi uliisha? La. Mwaka 1547 Moritz, mwana wa Heinrich, alisimama na Kaisari dhidi ya Johann Friedrich, mjukuu wa Ernst. Johann Friedrich akatekwa huko Mühlberg, na Wittenberg ikawa ya Moritz. Imani moja haikuwazuia ndugu kunyang'anyana.

Leipzig hiyo hiyo, iliyowahi kumfungia Luther mlango, ndiyo iliyotuma wamisionari waliofika Machame, Kilimanjaro, mwaka 1893. Tunakula matunda ya mti uliopandwa katika shamba la ugomvi.

Lakini tusikosee. Sisi wachungaji huitwa kusuluhisha ndugu wanaogombea kihamba, na wakati mwingine husikia mtu akisema, "Mungu atatengeneza." Kweli, Mungu aliugeuza uovu wa ndugu zake Yusufu kuwa wema. Hata hivyo, kumuuza Yusufu kulibaki dhambi, na machozi ya Yakobo yalikuwa machozi ya kweli. Wema ni kazi ya Mungu. Jeraha ni letu. Basi tunapoketi kugawana, tuanze kwa kumtazama ndugu kabla ya kuutazama mpaka.